Kabla hujaipandisha kasi kadi yako ya picha, ngoja jua la saa nane

Julai, kipupwe kimeshika, niliipandisha kasi, kuzidi ile ya kiwandani, RTX 3060 yangu, kadi ya Nvidia inayochora picha za kompyuta, saa nne za usiku nyumbani Fuoni, Unguja. Nikaiongezea chipu megahezi 150, nikacheza saa nzima, joto likasimama nyuzi 74. Nikalala nimeridhika. Ikaja Februari. Mchana wa saa nane, bati linawaka, namalizia video ya harusi ya jirani, mara skrini nyeusi. Kazi ya saa tatu imekwenda. Kadi ni ile ile na namba ni zile zile, ila chumba kilikuwa kimetoka nyuzi 24 hadi 33, na nyuzi tisa za chumba hupanda karibu zote juu ya kadi.

Ndiyo maana jambo la kwanza nitakalokwambia ulitayarishe ni wakati. Jaribio la kuipandisha kadi kasi lifanye mchana wa joto, madirisha yakiwa kama unavyoyaacha siku zote. Usitegemee pangaboi: inakupoza wewe mwenye jasho, kompyuta inapewa hewa ile ile ya moto. Kadi nyingi za Nvidia hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 83, kwa hiyo ikiwa mchana huo, kabla hujaongeza chochote, tayari uko 82, hapo huna nafasi ya kuongeza. Kwanza tafuta njia ya kuipoza.

Na njia yenyewe mara nyingi ni uchafu. Fungua kesi uitizame kadi kwa tochi. Vumbi letu halipeperuki kama la bara. Unyevu na chumvi ya bahari hulishika, likakaa baina ya mapezi ya alumini yanayoipoza kadi, kama unga uliomwagikiwa maji. Kupuliza kwa mdomo unaongeza mate tu. Mimi hutumia brashi ndogo ya rangi iliyo kavu, nazuia feni kwa kidole isizunguke, nasugua polepole kufuata mapezi. Tizama na skurubu: zikiwa na kutu ya kahawia, jua kwamba hewa ile ile imepita pia kwenye meno ya dhahabu ya kadi, yale yanayoingia kwenye tundu la kompyuta, yafute kwa spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kadi iliyotumika miaka mitatu au minne, pesti ya kupitisha joto iliyo baina ya chipu na chuma cha kupozea huenda imeshakauka. Kama hujawahi kuibadilisha, mpe fundi umwone anavyofanya, maana vipande laini vilivyo juu ya chipu za kumbukumbu vikichanika vinataka vingine vya unene ule ule.

Halafu umeme. Unguja tunaletewa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba kutoka Tanga tangu 2010, na aliyepitia ile miezi mitatu ya giza, Desemba 2009 hadi Machi 2010, hahitaji kuelezwa kwamba unaweza kuondoka bila hodi. Ukikatika katikati ya jaribio, kadi kwa kawaida haidhuriki. Hofu yangu ni pale unaporudi kwa kishindo. Weka stabilaiza, na ukipata UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, ndiyo bora. Lakini kuandika upya bayosi ya kadi, yaani programu ya ndani inayoiwasha, bila UPS, nakusihi, usithubutu. Umeme ukienda katikati ya kuandika, kadi inaweza isiwake tena.

Pawa saplai, boksi linaloigawia kompyuta umeme, nayo uipime kwa haki. RTX 3060 hula wati 170, na Nvidia wanashauri saplai ya wati 550 kwa kompyuta nzima. Namba iliyobandikwa ubavuni haitoshi. Saplai ya bei ya chee, nyepesi mkononi kama boksi tupu, siiamini hata iandikwe 700. Plagi ya pini nane inabeba wati 150 na tundu la kadi kwenye ubao mkuu wa kompyuta wati 75. Kebo ya kuunganisha kutoka plagi za diski iache dukani.

Draiva, programu inayoiendesha kadi, iwe mpya, dhamana uisome, programu ya kupandishia kasi, MSI Afterburner, uipakue kwa wenyewe MSI. Ndani yake, kile kisanduku cha kuanzisha mipangilio kompyuta inapowaka usikitie alama mpaka wiki ipite, ili ikiganda, kuizima na kuiwasha kunakurudisha salama.

Kisha chukua daftari. Andika fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi kadi inachora kila sekunde, joto na kasi ya feni kabla hujagusa kitu. Bila ya hesabu hiyo hutajua umepata nini, na faida yenyewe si kubwa: penye fremu 60 huenda ukaona 63 au 65. Kumbukumbu ya kadi ndiyo inayotaka daftari zaidi, kwani ukiizidisha mara nyingine haigandi, inasahihisha makosa kimya kimya na fremu zinashuka huku wewe unadhani umepanda. Chipu nayo ipandishe megahezi 15 kwa 15, uandike kila hatua.

Ukurasa wangu wa sasa unasema nyongeza ya megahezi 90, feni asilimia 70, nyuzi 79. Juu yake nimeandika: Februari, saa nane mchana.