Saa moja na saa moja: namna ya kumsaidia kijana aliyepandikizwa figo asiache dawa

Kijana anaporudi Moshi au Arusha akiwa na figo mpya, iwe alipandikizwa Muhimbili, ambako huduma hiyo ilianza Novemba 2017, au katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, au nchini India, nyumba nzima hushukuru kwamba safari imekwisha. Upasuaji umekwisha kweli, lakini kinga ya mwili wake itaendelea kuiona figo hiyo kuwa ngeni muda wote, na kinachoizuia isiishambulie ni vidonge vya kila siku, ambavyo kwa wengi ni takrolimusi, mikofenoleti na prednisoloni. Akiruka dozi haumwi popote, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kreatinini, taka ya damuni inayopimwa ili kujua figo inavyofanya kazi, inapoanza kupanda huenda figo imekwisha kuumia. Miaka ya ujana, hadi mwanzoni mwa miaka ya ishirini, ndiyo ambayo figo zilizopandikizwa hupotea zaidi, na kuacha dawa ni mojawapo ya sababu kubwa.

Anza na namna unavyouliza. Swali la "Umemeza dawa?" likitoka kwa mama aliyesimama mlangoni lina jibu moja tu, na kijana analijua. Mimi nimejifunza kwa mpwa wangu kuuliza, "Wiki hii dozi ipi ilikuwa ngumu?", kisha nikanyamaza hadi amalize. Ndipo aliponieleza kwamba uso wake ulivimba kwa prednisoloni, kwamba chunusi zilimfanya aitwe majina darasani, na kwamba mkono ulitetemeka alipokuwa akiandika, jambo ambalo takrolimusi huweza kulisababisha. Hayo si visingizio. Yapelekwe kliniki, kwa sababu daktari anaweza kurekebisha kipimo cha dawa, ilhali kijana asiyesikilizwa hukirekebisha mwenyewe kwa siri. Anayekiri kwamba aliruka dozi asigombezwe hata kidogo, maana ukimgombeza leo, kesho hutaambiwa.

Kuhusu muda, saa zetu za Kiswahili zinatusaidia. Takrolimusi ya mara mbili kwa siku humezwa kila baada ya saa 12, kwa hiyo saa moja asubuhi hukutana na saa moja usiku, na kijana anakariri neno moja badala ya mawili. Mwache achague saa mwenyewe, aiweke kwenye simu, na aiambatanishe na jambo ambalo hufanyika kila siku hata siku ya mvua. Siku ya kupima kiwango cha takrolimusi damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, hivyo abebe vidonge vyake na kuvimeza baada ya kutolewa damu.

Shule ya bweni inahitaji maandalizi zaidi kuliko nyumbani. Nenda na barua ya kliniki kabla muhula haujaanza, zungumza na mkuu wa shule na matroni au patroni, na mkubaliane mahali pa faragha pa kumezea dawa, kwa sababu wengi huruka dozi ili tu wasitazamwe. Matroni atunze akiba, na kijana abaki na dozi za siku moja au mbili. Katika safari ya basi kwenda Dar es Salaam dawa zikae kwenye begi la mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye buti.

Wapo pia ndugu wenye nia njema watakaomwambia, "Umeshapona, vidonge vya nini tena?" Sisi wa mikoa hii tunakumbuka mwaka 2011, foleni za magari kuelekea Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha Babu, mchungaji Ambilikile Masapila, na jinsi mgonjwa anavyoweza kuvutwa na tumaini la kuachana na dawa. Kijana aombewe, na aendelee kumeza. Dawa za mitishamba asizitumie, balungi aliepuke, na asinunue dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni dukani, kwa kuwa zinaweza kuumiza figo. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha kiwango cha takrolimusi, flukonazoli ya fangasi na erithromaisini ya kuua bakteria hukipandisha, kwa hiyo kila anayemwandikia dawa lazima aambiwe kwamba amepandikizwa figo. Binti anayetumia mikofenoleti aelezwe waziwazi, na mtaalamu, kwamba dawa hiyo hudhuru mimba.

Gharama zisifichwe. Nimewahi kukuta kijana akimeza nusu ili dawa zifike mwisho wa mwezi, kwa kuwa aliwaonea huruma wazazi. Hesabuni vidonge pamoja kila Jumapili, na mfuatilie bima au ununuzi dawa zikiwa zimebaki za wiki mbili. Kazi hiyo ya kuhesabu ihamie kwake polepole: kwanza ajue majina ya dawa, baadaye apange kisanduku cha wiki huku wewe ukitazama, kisha aingie kwa daktari peke yake.

Dozi ikisahaulika, asimeze mbili kwa pamoja kufidia. Apige simu kliniki aelekezwe. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, akiharisha, akipata homa, akiona mkojo umepungua au miguu imevimba, aende hospitali siku hiyo hiyo, akiwa na dawa zake zote mkononi.