Namna ya Kuchagua Mahali pa Ghala Karibu na Bandari kwa Biashara ya Kampala

Mzigo unaoshushwa Mombasa husafiri karibu kilomita 1,170 kwa barabara hadi Kampala, na wenye malori wameizoea safari hiyo, pamoja na mizani zake na mpaka wa Malaba, kiasi kwamba siku zake wanaweza kuzikadiria bila kukosea sana. Kinachowashinda kukadiria ni kilomita 10 za mwisho, kutoka pembezoni mwa jiji hadi dukani Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, ambako lori huweza kula mchana mzima. Ghala likikaa mahali panapofaa, sehemu hiyo ya safari hufupika. Likikaa pasipofaa, kodi nafuu uliyojipatia hulipwa tena kwa dizeli, vibarua na wateja waliochoka kusubiri. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu kilomita kati ya ghala na bandari, hesabu saa za safari na idadi ya mara ambazo gunia moja litashikwa hadi limfikie muuzaji wa rejareja.

Anza kwa kujua bandari yako ni ipi hasa, maana neno hilo kwetu lina maana zaidi ya moja. Port Bell, iliyoko Luzira, ni bandari ya ziwani yenye reli inayofika hadi gatini: behewa lililotoka Dar es Salaam hufika Mwanza kwa reli, huingizwa ndani ya meli likiwa na mzigo wake, na hutoka upande wa pili kuendelea na njia bila gunia hata moja kuguswa. Wanaopokea mzigo kwa njia hiyo, au kupitia Kisumu, wana sababu ya kutafuta ghala upande wa Luzira, Kitintale na Bugolobi. Mzigo wa barabarani una mlango mwingine kabisa. Unaingia kwa njia ya Jinja, na bandari yake kwa kweli ni maegesho na maghala ya Namanve, Bweyogerere na Mukono. Nimeona watu wakikodi ghala Luzira kwa kuvutiwa na jina la bandari, ilhali kontena zao zote zinakuja kwa lori kutoka Malaba. Zinalazimika kupita kwenye foleni za jiji ili zikafike ziwani, kisha bidhaa zilezile zinarudi mjini kwa njia ileile.

Baada ya hapo fanya hesabu ya magunia. Chukua kontena lenye tani 26 za mchele, yaani magunia 520 ya kilo 50. Kanta, yaani lori dogo, inayobeba tani tatu na nusu inapakia magunia 70, hivyo kontena hilo moja ni safari nane za kanta, ya mwisho ikienda na magunia 30 tu. Sasa tuseme umepanga stoo ya kati, mahali ambapo mzigo unapumzishwa kabla ya kwenda ghala kuu: magunia 520 yanashushwa na magunia 520 yanapakiwa tena, na kila mkono unaoligusa gunia unadai malipo, mbali na yale yanayopasuka. Ndiyo maana ghala bora ni lile ambalo trela linalifikia moja kwa moja, na kanta inatoka hapohapo kwenda dukani, bila kituo kingine katikati. Iwapo mahali unapopatazama panahitaji kituo cha tatu, paache, hata kama dalali anakuapia kwamba hakuna pa bei hiyo mjini kote.

Hatua inayofuata haina njia ya mkato: nenda ukasimame barabarani. Chagua siku ya kazi ya kawaida, chukua daftari, na uandike muda ambao lori linatumia kutoka bandarini au kwenye barabara kuu hadi langoni mwa ghala, asubuhi kabla ya saa 1, adhuhuri, na tena jioni kuanzia saa 11. Rudia siku ya mvua. Barabara ya Port Bell ni fupi kwenye ramani, lakini magari ya watu waendao kazini huijaza pamoja na bodaboda, na mahali inapokutana na barabara ya Jinja pale Nakawa pana foleni ambayo haijali mkataba wako na mteja. Uliza pia madereva, hasa wale walioegesha na kukaa kivulini chini ya trela. Wao wanajua ni saa ngapi njia inafunguka, na ni wapi askari wa trafiki hurudisha malori.

Kwa mzigo wa barabarani, maoni yangu ni kwamba eneo kati ya Namanve na Bweyogerere linashinda mengine mengi. Hifadhi ya viwanda ya Namanve ina ukubwa wa takriban ekari 2,200 na iko kilomita zisizozidi 15 kutoka katikati ya jiji. Na Bweyogerere ndipo inapoanzia barabara ya mzunguko wa kaskazini, yenye kilomita 21, inayoishia Busega. Faida yake ni kwamba mzigo wa Masaka, Mbarara au Rwanda unaizunguka Kampala bila kuingia ndani, na wa Gulu unaipata njia yake ukifika Kawempe, huku mzigo wa mjini peke yake ukishushwa na kugawanywa katika magari madogo. Reli ya kutoka Malaba nayo inapita hapo. Ukiahidiwa ghala lenye njia ya pembeni ya reli, inama uutazame uso wa reli yenyewe: ukiwa unang'aa, mabehewa yanapita, ukiwa na kutu na majani yamesimama katikati ya mataruma, unachopangishwa ni historia.

Ardhi ichunguzwe kwa uangalifu kuliko jengo. Kandokando ya Ziwa Victoria kuna ukanda wa mita 200 unaolindwa kwa kanuni za mazingira za mwaka 2000, ambao haujengwi bila idhini, na vinamasi vya Kampala na Wakiso vimeshawahi kuwatia hasara watu waliodhani kwamba kifusi kinabadilisha sheria. Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita kiwango cha juu cha mwaka 1964, na kwenye mialo kama Ggaba watu walitembea majini mahali palipokuwa na vibanda vya samaki. Kwa hiyo, ukifika kwenye kiwanja, zunguka nyuma ya ukuta. Mafunjo yakiwa yamesimama hapo, umeshapata jibu: hicho ni kinamasi. Tazama pia alama ya maji kwenye kuta za majirani, ule mstari wa kahawia ambao rangi mpya huuficha kwa mwenye ghala lakini hubaki kwenye ukuta wa fundi wa jirani. Kisha ulizia hati. Ardhi ya mailo, umiliki wa kudumu wa eneo la Buganda, inaweza kuwa na mwenye hati mmoja na wenye vibanja kadhaa, yaani wakaaji wenye haki zao juu ya vipande vya ardhi hiyo, na kumlipa mmoja hakuwanyamazishi wengine.

Lango nalo lina mambo yake. Niliwahi kupanga ghala zuri, sakafu imara, bati jipya, umeme wa uhakika, na siku ya kwanza trela likashindwa kuingia. Kontena la futi 40 lina mita 12 na zaidi, na likiunganishwa na kichwa cha lori urefu wote hukaribia mita 17. Dereva alijaribu mara tano, utingo akipiga makofi na kupaza sauti kila tairi la nyuma lilipokaribia mtaro, na barabara nzima ikasimama hadi mama wa chapati akahamisha jiko lake. Mwishowe tulipakulia barabarani. Tangu hapo napima mwenyewe kwa futi ya utepe: lango, upana wa barabara iliyo mbele yake, na uwanja wa ndani, ambao unapaswa kuwa na nafasi isiyopungua mara mbili ya urefu wa lori. Uwanja uwe umesakafiwa pia, kwa sababu sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli saba kufikia tani 56, na uzito huo kwenye udongo uliolowa hauhitaji maelezo.

Kuhusu forodha, tangu mwaka 2014 utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha umewezesha kodi nyingi kulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa, hivyo wengi hawahitaji tena ghala lenye dhamana ya forodha. Linamfaa anayeleta shehena kubwa na kuiuza polepole, kwa kuwa hulipa kodi kadiri anavyotoa bidhaa, ndani ya miezi 6 ya awali. Wengine wote waangalie zaidi suala la kontena tupu, ambalo kampuni ya meli hulidai na kulitoza faini likichelewa. Ghala lililo jirani na wasafirishaji wa kahawa lina nafuu hapa, maana lori lililoshusha mchele linaweza kupata mzigo wa kurudi Mombasa siku hiyohiyo, na bei ya usafiri hujadiliwa vingine kabisa.

Usisaini mkataba wa miaka mitano kwanza. Omba miezi mitatu, ambayo ichukue walau sehemu ya msimu wa mvua, na mpe mtunza stoo daftari lenye safu nne: saa lori lilipofika, saa lilipomaliza kushusha, saa kanta ya kwanza ilipotoka, na saa ilipofika dukani. Kanta za Kikuubo zipange zitoke kabla ya saa 12 asubuhi au baada ya saa 2 usiku, ukishakubaliana na wenye maduka nani atafungua. Mwisho wa miezi hiyo, kaa na daftari hilo pamoja na mwenye ghala mnapojadili kodi.