Picha 200 za sekunde 4: kupandanisha picha za anga kwa anayeanza

Kamera ikiwa imetulia juu ya tripodi, dunia bado inazunguka chini yake. Shata ikikaa wazi sekunde 30, nyota zinatoka vistari. Ikikaa sekunde 4, zinabaki vidoti, ila picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani. Dawa ni kupiga nyingi fupi, kisha kuzipandanisha kwenye kompyuta. Programu ikishazilinganisha picha, nyota iko palepale katika kila moja, chenga zinarukaruka. Ukichukua wastani, chenga zinafifia. Picha 4 zinazipunguza kuwa nusu, 16 kuwa robo, 100 kuwa sehemu ya kumi.

Anza na Orion, zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Chini yake kuna wingu la gesi, umbali wa kama miaka ya nuru 1,300, ambalo hata lenzi ya kawaida ya mm 50 inalinasa. Januari, mvua za vuli zikishapita, saa nne usiku Orion iko karibu na utosi kwetu huku pwani.

1. Chagua usiku. Angalia kalenda ya Kiislamu: siku chache kabla na baada ya mwandamo ndizo zenye giza. Wavuvi wa dagaa nao wanazitaka hizohizo, kwa hiyo utaona taa zao zimepanga mstari baharini. Zisikusumbue, wewe unalenga juu. Chukua mkeka, maana kuchungulia kioo cha kamera inayotazama utosini ukiwa umesimama ni adhabu ya shingo.

2. Fokasi. Hapa usiharakishe. Usiku wangu wa kwanza niliiamini alama ya mbali kabisa kwenye lenzi, nikarudi na picha 200 za nyota zilizovimba kama vitumbua. Hakuna programu iliyoziokoa. Zima fokasi ya kiotomatiki, zima pia kitulizo cha lenzi kama kipo. Washa kioo cha nyuma, lenga Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote, kisha kuza mara 10. Zungusha pete taratibu mpaka nyota iwe kidoti kidogo kabisa. Pitiliza kidogo ndipo urudi, ili ujue kilele kiko wapi. Bana pete kwa selotepu. Piga moja, ikuze, itazame. Rudia ukaguzi kila baada ya picha 50, na hapohapo pitisha tochi pembeni ya lenzi: umande wa pwani unatua bila kubisha hodi.

3. Mipangilio. Faili za RAW, yaani ghafi kama sensa (kipande cha kamera kinachonasa nuru) ilivyozinasa, si JPEG zilizobanwa. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi nuru, iwe 1600. Lenzi ya f/1.8 ibane tundu lake hadi f/2.8, la sivyo nyota za pembeni zinaota mabawa. Kuhusu muda, watu hugawa 500 kwa mm za lenzi, na kwa kamera zenye sensa ndogo wanagawa tena kwa 1.5. Kwa mm 50 na sensa ndogo unapata karibu sekunde 7. Mimi naona ni nyingi: Orion iko juu ya ikweta ya anga, ambako nyota hukimbia kuliko kwingine. Sekunde 4 zinatosha.

4. Piga 200. Tumia kipima muda cha kamera au rimoti, usiiguse kwa mkono. Kwa jumla ni dakika 13 na ushee za nuru. Orion ikisogea kutoka katikati, irudishe tu.

5. Picha za giza. Kabla ya kufungasha, funika lenzi kwa kifuniko chake upige 20 kwa ISO ileile na sekunde zilezile. Zinanasa vidoti vya joto la sensa, ili programu ivitoe. Usiziache za kupiga kesho sebuleni. Joto litakuwa jingine.

6. Kompyuta. Kwenye Windows tumia DeepSkyStacker, ni ya bure. Wa Mac au Linux watumie Siril, nayo ya bure. Ingiza picha za nyota upande wake na za giza upande wake, zitie alama zote, zisajili (programu itafute nyota na kuzilinganisha), kisha pandanisha. Iambie programu ichukue asilimia 90 ya picha zilizo bora, na uchague njia ya kappa-sigma: hiyo inafuta michirizi ya ndege na satelaiti. Kompyuta ya zamani itachukua muda, kapike chai.

7. Kuvuta nuru. Jibu litatoka jeusi karibu tupu. Usiifute! Nuru yote imejibana kwenye kona ya giza. Fungua faili ya TIFF iliyotoka ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, inyanyue nuru kwa kifaa cha mkunjo (Curves) kidogokidogo, mara nne au tano, na usimamishe kabla anga halijawa kijivu. Wingu likitoka la waridi hafifu badala ya jekundu, hujakosea: kichujio cha kiwandani mbele ya sensa hukata sehemu kubwa ya wekundu huo.