Kufundisha utunzi kwa "Adili na Nduguze": vipindi viwili, ajabu moja

Kitabu hiki cha Shaaban Robert mara nyingi hufundishwa kwa dhamira, wahusika na mafunzo. Hayo yaachie mtihani. Hapa tunakifungua kama fundi anavyofungua redio: kuona sauti inatokea wapi.

Unahitaji vipindi viwili vya dakika 40. Wanafunzi 40 wagawe makundi manane. Nakala zikipungua, soma mwenyewe kwa sauti.

Hatua ya 1 (dakika 10). Soma sehemu ambapo Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anamchungulia Adili usiku akiwachapa manyani wawili. Funga kitabu hapo hapo. Aliyekwisha kukisoma asitoboe siri.

Hatua ya 2 (dakika 10). Kila kundi liandike maswali matano, si majibu. Yanayoanza na "kwa nini" yaandike ubaoni. Waonyeshe kwamba mwandishi ametanguliza tukio, sababu akaichelewesha.

Hatua ya 3 (dakika 20). Sasa toa siri: manyani ni Hasidi na Mwivu, nduguze Adili, na viboko ni amri ya jini Huria. Chora safu tatu: ajabu, sharti, gharama. Ajabu: ndugu kuwa manyani. Sharti: viboko kila usiku. Gharama: Adili anawaumiza wa damu yake. Safu hii ya tatu ndiyo wanafunzi huiruka, na ndipo hadithi zao hufia. Mhusika anaruka angani, anatoweka, anafufua wafu. Basi hana cha kuogopa, na msomaji hana cha kungoja.

(Familia nyingine hazipendi habari za majini. Kiapo kilichovunjwa kinafanya kazi ile ile.)

Hatua ya 4 (dakika 10). Kila mmoja abuni ajabu moja tu, kwenye kitu cha nyumbani: mtungi, feni, kigoda. Kiunzi ni hiki: "Kila… lazima… la sivyo…" Mfano: kila mvua inaponyesha, lazima mtungi wa bibi umwagwe, la sivyo aliyechota mwisho anasahau jina lake. Anayeandika "la sivyo atakufa" mrudishie. Kifo ni jibu la mvivu.

Hatua ya 5 (dakika 25). Waandike maneno 200 hadi 250 kwa jicho la mtu anayechungulia. Sababu isitajwe kabla ya aya ya mwisho. Piga marufuku "Hapo zamani za kale", "kumbe ilikuwa ndoto" na "hadithi hii inatufundisha". La mwisho ni gumu kung'oka. Insha zimelipandikiza tangu msingi.

Angalia majina pia. Hasidi hafichi kitu, na Shaaban Robert alikusudia hivyo. Kwa anayejifunza kutunza siri, jina la namna hiyo linamwaga kila kitu ukurasa wa kwanza. Mwivu wao aitwe Karimu.

Hatua ya 6 (dakika 5). Jirani asome na kupigia mstari sentensi iliyomfanya aulize "kwa nini?" Hakuna mstari? Siri imetoka mapema. Upo lakini hakupata jibu? Sharti halikuandikwa. Tahajia ingoje rasimu ya pili.

Wakishaiweza ajabu ya kitu kimoja, hamia "Kusadikika", kitabu kingine cha Shaaban Robert, kuhusu nchi inayoelea angani. Humo sharti ni la nchi nzima: wajumbe sita wanatumwa, wanarudi na habari za manufaa, wanaishia gerezani. Kila kundi libuni nchi yake, liandike sheria moja, kisha limfuate mtu wa kwanza kuivunja.