Kabla hujaenda Kendu Bay, soma hii kwanza

Watu wa Nakuru na Eldoret mnakuja sana huku kwetu kando ya Ziwa Victoria siku za likizo, karibuni, lakini jipangeni. Kutoka Kisumu unapitia Ahero na Katito. Kofia beba. Keshi kidogo beba. Maji ya kunywa beba mengi, hasa kama unaenda Simbi Nyaima, lile ziwa lililo ndani ya shimo la volkeno nje kidogo ya mji, maji yake ni ya magadi, flamingo wanayaweza, wewe huyawezi. Ukisimuliwa habari za bibi kizee aliyefukuzwa kwenye sherehe mpaka kijiji kizima kikazama hapo, sikiliza kwa heshima, hayo ni ya wazee wa hapa.

Mji wenyewe uzunguke kwa miguu, kuna msikiti na maduka ya zamani ya Wahindi, maana reli ilipofika Kisumu 1901 meli zikawa zinazunguka Ziwa Victoria na hapa palikuwa pa kushusha na kupakia mizigo.

Sasa boti. Hapa nisikilize vizuri. Usipande kabla hujauliza gugu maji liko wapi na upepo unavuma kwenda wapi. Lile gugu halikai mahali pamoja, asubuhi unaona maji matupu, mchana upepo ukigeuka linarudi limeshikana kama shamba. Shemeji yangu alitoka na wageni na watoto saa nane mchana, wakaenda wakipiga picha, kugeuka hivi njia imezibwa. Injini ikameza mizizi ikazima, nahodha akaiinua akakata mizizi kwa kisu, akawasha, ikazima tena. Kasia nayo inadidimia kwenye majani haisukumi kitu. Giza likaingia, mbu ndio hao, simu zimekufa kwa sababu ya zile picha, na laifjaketi zilikuwa mbili tu, watoto watatu! Yule wa tatu mamake alimkumbatia muda wote hakumwachilia hata kidogo, mpaka wavuvi wakawafikia saa nne usiku wakawavuta kwa kamba.

Kwa hivyo kila mtu na laifjaketi yake, mtoto na saizi yake, hakuna basi shuka. Waachie watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, pale ufuoni jina na namba ya simu, waambie mnarudi saa ngapi. Toka asubuhi, si mchana.

Na zile chemchemi za moto za Homa Hills usitie mguu eti unajaribu, na matatu za jioni usizingoje mpaka giza, na watoto wasichezee maji peke yao hata kama yanaonekana ya magotini, na mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa rudini mjini mapema.