Somo: Chigongi (Qigong) kwa anayeanza na kwa anayetaka kufundisha wenzake

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza kuhusu yale mazoezi ya Kichina ya polepole, nami niliahidi kuyaandika hatua kwa hatua. Nitafundisha mtindo mmoja tu, Baduanjin, kwa sababu ndio ninaoufanya kila alfajiri kwa mwaka wa tisa sasa.

Kwanza jina. Qi, tamka "chi", ni pumzi, hewa, nguvu ya uhai. Gong ni ileile iliyomo kwenye kung fu, yaani ustadi unaokuja kwa kazi ya muda mrefu. Basi chigongi ni kazi ya kuilea pumzi. Jina hilo kwa maana ya leo lilienea China miaka ya 1950, na aliyelieneza sana ni Liu Guizhen, ila mazoezi yenyewe ni ya kale. Mwaka 1973, huko Mawangdui karibu na Changsha, lilifukuliwa kaburi lililofungwa tangu mwaka 168 KK, na ndani yake kikakutwa kitambaa cha hariri chenye michoro ya watu 44, wake kwa waume, wakijinyoosha na kuinama. Baduanjin maana yake ni "vipande vinane vya hariri", kila kipande kikiwa zoezi moja, na inatajwa tangu enzi ya ukoo wa kifalme wa Song. Wapo wanaosema aliyeitunga ni jenerali Yue Fei. Hiyo ichukueni kama hadithi.

Hatua ya kwanza: kusimama

Msiiruke hii. Mimi nilijifunza mjini Wuhan, China, nikiwa mwanafunzi, kwa bibi mmoja mstaafu aliyekuja bustanini na chupa yake ya chai akaitundika kwenye tawi. Wiki mbili nzima hakunionyesha hata kipande kimoja. Alinisimamisha tu, akawa anapita nyuma yangu, anagusa bega kwa vidole viwili na kusema "song, song". Kamusi ilinipa "legea". Nililegea, naye akatikisa kichwa. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nafundisha nyumbani, ndipo nilipopata neno lake sahihi kwa Kiswahili: tua. Kama anavyotua mtu aliyebeba ndoo ya maji kutoka kisimani. Hajilegezi akaanguka. Anatua mzigo, naye anabaki amesimama.

Basi simama hivi. Miguu iachane kwa upana wa mabega, vidole vitazame mbele. Magoti yakunjike kidogo sana, yasifungwe. Kiuno kishuke kama unataka kukalia kigoda kirefu. Kidevu kiingie ndani kidogo, utosi uwe kama umevutwa na uzi. Halafu tua: taya, mabega, viwiko, tumbo. Wengi tunatembea na tumbo limebanwa siku nzima bila kujua. Dakika tano zinatosha kwa kuanzia.

Hatua ya pili: pumzi

Vuta kwa pua, toa kwa pua, bila sauti. Peleka fikra zako chini ya kitovu, vidole vitatu hivi, mahali Wachina wanapopaita dantieni. Usilazimishe tumbo kufura. Weka kiganja hapo, usubiri. Baada ya muda utakihisi kinainuka chenyewe. Usibane pumzi hata kidogo.

Akili ikizurura, irudishe kwenye kiganja. Itazurura tena, irudishe tena. Kazi ya akili ndiyo hiyo. Walimu wa China husema mambo yanayorekebishwa ni matatu, mwili, pumzi na moyo, na huanza na mwili kwa sababu ndio unaoshikika.

Hatua ya tatu: mikono miwili yainua mbingu

Hiki ni kipande cha kwanza, na kwa maoni yangu ukikijua hiki vizuri umepata nusu ya somo. Pishanisha vidole vya mikono miwili mbele ya tumbo, viganja vikitazama juu. Ukivuta pumzi, pandisha mikono hadi kifuani, igeuze, kisha sukuma juu huku macho yakiifuata. Mikono ikiwa juu, rudisha kidevu, tazama mbele, endelea kusukuma kidogo. Hapo utahisi mbavu zinafunguka na ubavu unanyooka hadi nyonga. Ukitoa pumzi, achanisha vidole, mikono ishuke pembeni kwa duara kubwa, magoti yakunjike tena. Rudia mara sita.

Kosa kubwa ni mabega kupanda hadi masikioni. Yakipanda, punguza urefu wa mikono. Afadhali mikono iishie usawa wa paji la uso, mabega yakiwa yametua.

Vipande vilivyobaki

Cha pili, kuvuta upinde kushoto na kulia kama mpiga mishale anayelenga tai. Cha tatu, mkono mmoja unasukuma juu na mwingine chini. Cha nne, kugeuza shingo kutazama nyuma, mwili usizunguke. Cha tano, kuyumbisha kichwa na kiuno ukiwa umechuchumaa nusu. Wenye magoti mabovu wafanye kwa kina kidogo. Cha sita, mikono inashuka mgongoni na miguuni hadi kwenye nyayo. Cha saba, kupiga ngumi taratibu kwa macho makali. Cha nane, kuinuka kwa vidole vya miguu na kudondosha visigino polepole, mara saba. Ongeza kipande kimoja kila wiki. Mzunguko wote ni kama robo saa.

Ukimaliza, usikimbilie simu. Weka viganja viwili juu ya kitovu, simama dakika mbili.

Kwa anayetaka kufundisha

Nilipoanza kufundisha nilionyesha vipande vyote vinane siku ya kwanza. Watu walifurahi, na wiki iliyofuata walirudi watatu kati ya kumi na wawili. Tangu hapo siku ya kwanza ni kusimama na kipande kimoja, basi. Sema maneno machache. Omba ruhusa kabla ya kumgusa mtu, na ukimgusa iwe kidogo. Wala usimwahidi yeyote kwamba utamponya kwa "kumrushia chi" kutoka kiganjani. Yeyote anayekuuzia hilo, mkimbie.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi nina presha na natumia dawa. Naweza?*

Marahaba. Muulize kwanza daktari wako, na dawa usiache. Kipande cha sita usishushe kichwa chini ya kiuno, inama nusu tu, inuka polepole. Kizunguzungu kikija, kaa kitini.

*Mkuu, mimi ni Muislamu. Haya mazoezi hayagongani na imani?*

Swali zuri, na nitakujibu kwa ukweli. Chigongi imekulia mikononi mwa Watao (wafuasi wa dini ya kale ya Kichina), Wabudha na matabibu, na mitindo mingine ina ibada ndani yake. Baduanjin niliyoieleza haina dua wala sanamu. Ukiwa na shaka, muulize shehe unayemwamini, mwonyeshe mazoezi yenyewe.

*Nikisimama, mikono inawasha na kupata joto. Ndiyo chi yenyewe?*

Wachina wengi watakwambia ndiyo. Mimi najua kwamba mabega yakitua, damu hufika vidoleni vizuri zaidi. Ifurahie, lakini usiisake. Nimeona watu wakikaa saa nzima wakitafuta joto hilo, wakaishia kukosa usingizi na kuingiwa na hofu. Ukiona dalili kama hizo, acha kusimama kwa muda, tembea, kula, zungumza na watu.

*Mama yangu ana miaka 74, magoti yamechoka. Nimwanzishie wapi?*

Kwenye kiti kisicho na magurudumu, nyayo zote mbili zikigusa sakafu. Kipande cha kwanza, cha tatu na cha nne vinafanyika vizuri ukiwa umekaa. Kaa mkabala naye ufanye pamoja naye, umfuate kasi yake. Usimhesabie. Siku atakapochoka katikati ya kipande, ishieni hapo, mkanywe chai.