Kata mada yako kabla direkta hajaikata: ushauri kwa wanaoandika TFC Lubumbashi

Nina sekretaria ndogo njia ya Kasapa: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na jenereta yenye kelele. Kazi za mwisho za wanafunzi, tunazoziita TFC (travail de fin de cycle) na zinazosimamiwa na mwalimu tunayemwita direkta, zinapita mikononi mwangu, za kilimo, za uchumi, za sosholojia, na siwezi kupanga kurasa bila kuzisoma. Wanafunzi wananiita Yaya na wanaanza kwa kuuliza bei ya ukurasa. Mimi naanza na kichwa cha kazi. Hapo ndipo naona kama mtu atatetea kazi yake mbele ya juri ya walimu mwaka huu au ataongeza minervali nyingine, yaani ada ya masomo.

Kichwa ninachokiogopa ni hiki: «Athari za migodi kwa mazingira ya Katanga». Katanga ipi, mdogo wangu? Tangu 2015 jimbo lile limegawanywa manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kolwezi iko Lualaba, sisi tuko Haut-Katanga, na takwimu zako zitagongana kabla hujafika sura ya pili. Halafu mazingira gani? Maji, udongo, hewa? Endelea kukata mpaka ubaki na kitu unachokifikia kwa basi moja na kukirudia kesho ukisahau jambo. Mfano: lengalenga (mchicha) inayolimwa kwenye dembo moja, yaani bonde lenye unyevu, karibu na kiwanda kimoja, kiangazi kimoja. Na swali liwe moja: shaba na risasi (plomb) iliyo kwenye majani imeletwa na vumbi, au imepanda kutoka udongoni?

Swali hilo linajibika hata kwa mfuko mwembamba. Nenda maabara uulize bei ya sampuli moja kabla hujaandika mstari wowote, maana bei ndiyo itakuambia utachukua sampuli ngapi. Kila fungu la lengalenga ligawe mara mbili: nusu ioshwe kama mama anavyoosha nyumbani kabla ya kupika, nusu ibaki na vumbi lake. Kipimo kikishuka sana baada ya kuosha, vumbi lina sehemu kubwa. Kikibaki palepale, angalia udongo na maji ya kumwagilia. Vuna kwa mkono, au kwa kisu cha chuma kisichoshika kutu. Usitumie chombo cha shaba wala ndoo ya zinki, utapima chombo chako. Majani mabichi usiyafunge kwenye plastiki mpaka kesho yake, yataoza; tumia bahasha za karatasi. Andika juu ya bahasha kwa penseli, kwa sababu wino unaweza kutawanyika ukiguswa na unyevu. Andika tarehe, alama za mahali kutoka kwenye simu, na siku mvua iliponyesha mara ya mwisho. Mvua ya kwanza ikinyesha kati ya mavuno mawili, majani yameshaoshwa bila wewe, na huwezi kuyalinganisha.

Kama pesa ya maabara haipo kabisa, usilie. Dembo lilelile lina maswali ya watu: shamba ni la nani, maji wanachota wapi, mboga inaishia soko gani. Ila nisikilize kuhusu fomu ya maswali. Wengi wanaiandika kwa Kifaransa cha darasani, kisha wanaitafsiri wakiwa wamesimama mlangoni, kila mtu kwa namna yake. Mama wa kwanza ameulizwa jambo moja, wa pili jingine. Iandike kwa Kiswahili chetu cha hapa tangu mwanzo, ijaribu kwa majirani, ndipo uipeleke Kifaransa kwa ajili ya direkta. Na usimwulize mtu «kipato chako kwa mwezi ni ngapi». Hana mwezi, ana siku. Mwulize jana aliuza mafungu mangapi, alinunua meka ngapi (chombo cha kupimia sokoni) za unga, alilipa franka ngapi. Meka nazo hazilingani. Omba upime moja kwenye mizani na uandike kilo zake.

Maktaba sasa. Ukitafuta «Lubumbashi» na «Haut-Katanga» peke yake utapata kidogo na utaandika kwamba hakuna aliyewahi kuchunguza jambo hilo. Juri wanapenda sana sentensi hiyo, wanaipasua. Tafuta pia «Élisabethville», jina la mji mpaka 1966. «Shaba», jina la jimbo kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 mpaka 1997. Na Union Minière, iliyoshika migodi yetu kabla ya kutaifishwa 1967 na kazi yake kuendelea chini ya Gécamines. Kazi za zamani zitakuja kwa wingi. Kwa maisha ya kaya za mji, uliza ripoti za Observatoire du Changement Urbain ya UNILU, chuo chetu kikuu cha Lubumbashi. Na unapotaja kazi iliyoandikwa kati ya 1971 na 1981, nakili jina la chuo kama lilivyo kwenye jalada: wakati huo sisi tulikuwa kampasi ya Université Nationale du Zaïre.

Kuhusu LMD, mfumo mpya wa licence, master na doctorat, nitasema kifupi. Licence ya sasa ni miaka 3 na krediti 180. Ile ya zamani ilikuja baada ya graduat, ngazi ya kwanza ya mfumo wa zamani, jumla miaka 5. Kwa hiyo usichukue kazi ya kaka yako kama kielelezo cha urefu. Omba idara yako mwongozo wa mwaka huu.

Ukija kwangu, leta faili mbili, ya Word na ya PDF, kwenye flashi isiyo na virusi, na nakala nyingine ibaki kwenye barua pepe yako. Vichwa vya sura viweke kwa mitindo ya Word ili jedwali la yaliyomo lijitengeneze lenyewe. Kuhesabu kurasa kwa kidole nalipisha. Kabla sijafunga jalada, soma jina la direkta herufi kwa herufi, na uliza kwa asistenti cheo chake cha leo. Aliyekuwa shefu wa kazi (cheo cha chini ya profesa) ulipoanza huenda sasa ni profesa, na hatapenda kukigundua kile cha zamani mbele ya juri.